Tunu Zenye Meno: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Mahafali ya Wasaidizi wa Kisheria, Kahama



Mmeniomba nizungumzie tunu za taifa. Katiba ya Tanzania ya 1977 inataja uhuru, haki, udugu na amani, na Ibara ya 9 inaagiza utajiri wa nchi utumike kuwaendeleza wananchi. Maneno matamu. Ila wahitimu mnaijua Ibara ya 7(2): hakuna mahakama inayoweza kuamua kama serikali imelitekeleza agizo hilo.

Dhahabu ya ukanda huu ndiyo iliyotuonyesha njia nyingine ya kuyapa maneno hayo nguvu. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Januari 2020 serikali ikasaini makubaliano na kampuni ya Barrick, ikazaliwa kampuni ya ubia ya Twiga, inayosimamia mgodi wa Bulyanhulu wa hapa jirani. Tunu ikaota meno.

Lakini meno hayo yanaweza kumng'ata mwenyewe. Tulifuta leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea; wawekezaji wakaushika mkataba wetu wa uwekezaji na Uingereza wa 1994, na Julai 2023 baraza la usuluhishi la kimataifa la ICSID likatuamuru tulipe zaidi ya dola milioni 100. Sheria yetu ya 2017 inakataza migogoro hiyo kupelekwa nje, sawa, ila saini tuliyokwisha kuiweka haifutwi na sheria ya nyumbani. Uzalendo wa pupa ni ghali, na bili analipa mkulima wa pamba.

Niseme na hili, hata kama wapo watakaonuna. Rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba iliweka uwazi na uwajibikaji miongoni mwa tunu za taifa. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ikaviondoa kwenye orodha hiyo. Kwangu mimi, hapo tulikosea. Maana mtu wa Kakola au Nyarugusu, kwenye dhahabu yenyewe, haulizi nani mwenye mgodi tu. Anauliza ushuru wa huduma ambao mgodi unailipa halmashauri umejenga nini kijijini kwake.

Wahitimu, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, simameni na wananchi, daini taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.