Mwalimu wa Mpira na Mwili wa Mtoto Wako
(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto, Kavumu)

Mukae vizuri. Mwenye mtoto anayelia amunyonyeshe tu, hatuna haraka.

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kuhara. Tutazungumza juu ya mpira. Naona munacheka! Munasema: huyu mama wa hospitali anajua nini ya mpira? Lakini niwaulize: mtoto akianguka uwanjani, nani anakimbia naye hospitali? Si wewe mama?

Siku moja mama alituletea kijana wake wa miaka 15. Kijana alikuwa ametoka katika malaria, mwili bado haujarudi. Timu yao ilikuwa imeshindwa, mwalimu akakasirika. Akawaazibu vijana: kuzunguka uwanja, kisha kuruka kama chura, tena na tena, bila maji. Kijana alisema, "Mama, kochi alituambia mwanaume hapana kuomba mayi." Siku ya pili mapaja yalivimba na mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Alipona, lakini tulikuwa na hofu kubwa.

Kwa nini mkojo mweusi? Nyama ya mwili ikifanyishwa kazi kupita kiasi, inapasuka ndani. Uchafu wake unaingia katika damu, unafika kwenye figo, na figo zinaweza kuziba. Jambo hili si la hapa Kavumu tu. Katika Marekani, Januari 2011, vijana 13 wa mpira wa chuo kikuu cha Iowa walilazwa hospitali kwa ugonjwa huo huo. Walikuwa wametoka likizo. Wakaamriwa kuchuchumaa na kusimama mara 100, na chuma kizito mabegani. Wale ni vijana wanene, wanaokula nyama kila siku. Basi mtoto wetu wa ugali na sombe, aliyetoka katika homa, itakuwaje?

NGUVU INAKUJA NAMNA GANI?

Wamama, jambo hili munalijua kuliko walimu. Ulimfundisha binti yako kuchota maji namna gani? Ulimpa bido ya litri 20 siku ya kwanza? Hapana. Ulianza na kopo. Kisha bido ya litri 5. Kisha 10. Shingo ikazoea, mgongo ukazoea. Na akitoka katika ugonjwa, unamrudisha kwa bido ndogo kwanza.

Mwili wa mchezaji ni vilevile. Kazi inauchokesha. Chakula, maji na usingizi ndivyo vinaujenga. Mtu hapati nguvu wakati wa kukimbia. Anaipata usiku, akiwa amelala.

Kwa hiyo kuna walimu wa namna mbili. Kuna mwalimu wa fimbo: anatumia mbio kama azabu, anatukana anayechoka, anazuia maji. Kuna mwalimu wa bido: anaongeza kazi kidogo kidogo, anajua nani alikuwa mgonjwa, anasimamisha mchezo mtoto akilegea. Yule wa pili si mlegevu. Anaweza kuwa mkali juu ya saa na utii. Lakini hachezi na uhai wa mtoto wa mtu.

KIFO CHA JORDAN McNAIR

Katika vyuo vikubwa vya Marekani kuna mwalimu wa mpira, na kuna mwalimu mwingine wa nguvu za mwili tu. Tarehe 29 Mei 2018, katika chuo kikuu cha Maryland, vijana walikimbia mbio 10, kila moja kama mita 100. Jordan McNair, wa miaka 19, akaishiwa nguvu. Hakutiwa ndani ya maji baridi. Hakupimwa joto la mwili. Alipofika hospitali joto lake lilikuwa digri 41. Akafa tarehe 13 Juni. Mkubwa wa chuo akakubali kosa mbele ya watu wote. Mwalimu wa nguvu akaacha kazi mwezi wa Agosti, na mwalimu mkuu akafukuzwa mwezi wa Oktoba. Lakini mtoto hakurudi. Wazazi wake wakaanza kufundisha wazazi wengine juu ya hatari ya joto.

Musiseme: Kavumu ni baridi, tuko mlimani. Joto la kukimbia linatoka ndani ya mwili wenyewe.

NENO JUU YA DAMU

Wengi munajua ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Kuna pia watoto wa AS: wamerisi upande mmoja tu, hawaonekani wagonjwa. Hao wanaweza kucheza. Lakini wakilazimishwa kukimbia sana bila kupumzika, hasa huku juu milimani, damu inaweza kuganda umbo la mundu na kuziba mishipa. Dale Lloyd, wa chuo kikuu cha Rice, alikufa hivyo mwaka 2006. Hakujua kama ana AS. Tangu 2010 vyuo vikubwa vya mpira kule vinapima damu ya wachezaji. Kama nyumbani kwenu kuna mtoto wa SS, ulize hospitali juu ya kupima ndugu zake. Na yule wa SS mwenyewe, muganga ndiye atasema acheze namna gani.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto aende na chupa ya maji safi. Kunywa si uzaifu.
2. Akiwa na homa au kuhara, asicheze. Akipona, aanze na bido ndogo.
3. Ale kabla na baada: buyi ya soja, maharagi, sambaza, ndizi.
4. Akilegea, akisema ovyo, akitapika au mwili ukiwaka: mumupeleke kivulini, mumuvue nguo, mumumwagie maji baridi mwili wote, mumupepee. Musingoje pikipiki ifike ndipo muanze! Kama hasikii, musimunyweshe kitu.
5. Mkojo ukiwa mweusi: hospitali siku ile ile.
6. Uende kumuona mwalimu wake. Umusalimie kwa heshima, umwambie: "Mwalimu, mtoto wangu alikuwa na malaria juma lililopita." Walimu wengi ni watu wazuri, hawakufundishwa tu.

Mama, usiogope kusema. Mwalimu anamfahamu mchezaji, lakini wewe unamfahamu mtoto. Kombe likipotea, litachezwa tena mwaka ujao.

Sasa, nani ana swali?