Rimu moja, watoto 125



Septemba darasa la saba wanakaa kwenye mtihani wa taifa wa Hisabati. Kujumlisha wanajua. Kinachowaangusha ni mazoezi ya ubaoni: mtoto wa nyuma anaisoma 8 kama 3, pembetatu anayoinakili imepinda, na nusu ya kipindi imekwisha kabla hajakokotoa chochote. Mtihani wenyewe huja umechapwa, na majibu mengi yanasilibwa kwa penseli.

Safari hii hatuombi jengo, tunaomba karatasi. Rimu ina karatasi 500. Jaribio la karatasi 4 linawatosha watoto 125. Mashine ya kudurufu ipo, wino ndio hakuna. Kwaya wameshatoa rimu mbili. Mlioko Dar mnasemaje?