Kubadili Pedi za Breki za Nyuma



Gari dogo la chama lenye diski nyuma, si lile lenye ngoma, laweza kubadilishwa pedi nyumbani na mtu mwenye jeki, spana na subira. Pedi ikibakiwa na unene wa milimita 3 haifai kungojwa; nazo zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja.

Ugumu wa nyuma ni hendibreki. Sharti ilegezwe, kwa hiyo magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, na gari likae juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Tena, pale hendibreki inapofanya kazi ndani ya kalipa, mara nyingi pistoni hairudi kwa kusukumwa, bali kwa kuzungushwa huku ikikandamizwa. Wako wanaoibana kwa jiliwa mpaka ikaharibika, na hasara hiyo hushinda bei ya pedi. Gari lenye hendibreki ya umeme lisiguswe kabla ya kusoma kitabu chake.

Vumbi lisipulizwe, pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Pistoni ikisharudishwa, pedali ya kwanza huzama bila kushika kitu. Basi ikanyagwe tena na tena mpaka iwe ngumu, gari likiwa bado limesimama. Dereva asiyefanya hivyo atalijua jambo hili kwenye mteremko. Baadaye mafuta ya breki yatazamwe kipimo chake, na gari lijaribiwe polepole uani.