Baridi ya Ukunda Imo Ofisini

Huko Ulaya wafanyakazi huzozana kwa sababu ya hita iliyo chini ya meza. Ukunda, pwani ya Kenya, ugomvi ni wa rimoti. Nje, jua la kaskazi limepita nyuzi 30. Ndani, karani aliye chini ya kiyoyozi amejitanda leso mabegani, maana mwenzake wa kule pembeni ameshaibonyeza hadi 18.

Si udhaifu wa mwanamke huyu. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba vipimo vya ubaridi wa ofisi vilitokana na mwili wa mwanamume wa wastani wa miaka ya 1960. Mwili wa mwanamke kwa kawaida huzalisha joto pungufu.

Kupunguza baridi ya ofisi kunawezekana. Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz mwaka 2005: viyoyozi nyuzi 28, tai zikavuliwa.

Na hiyo 18, kwa mashine ya kawaida, haipozi chumba upesi zaidi. Humaliza tu stima. Wakuu wa ofisi, wekeni 25. Suti nzito waachieni wa Nairobi, ambako Julai baridi ni ya kweli.