Sahihi ya Asiyejua Kusoma: Ulemavu wa Kujifunza Kituoni na Gerezani

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, polisi walimkamata Derek Bentley, kijana wa miaka 19, juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London. Mwenzake Christopher Craig, mwenye miaka 16, alikuwa na bastola, na askari Sidney Miles alipigwa risasi akafa. Craig alinusurika kitanzi kwa sababu ya umri wake. Bentley alinyongwa tarehe 28 Januari 1953, huku maelezo yenye sahihi yake yakiwa sehemu ya ushahidi. Maelezo hayo hakuweza kuyasoma: hakujua kusoma, na uwezo wake wa akili ulikuwa mdogo.

Polisi waliapa kwamba maneno yale yalikuwa yake, kayatamka mfululizo bila kuulizwa swali. Miaka mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua, akakuta yamejaa kanusho. Lakini mtu anayesimulia kwa hiari hueleza yaliyotokea. Akianza kutaja yasiyotokea, mara nyingi kuna aliyemuuliza. Tena maelezo hayo yalikuwa na "I then" pale ambapo Mwingereza wa mtaani husema "then I". Huo ni mpangilio wa ripoti za polisi. Kwetu ni sawa na kusoma kwamba kijana wa kijiweni amesema, "Nilielekea eneo la tukio."

Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu tarehe 30 Julai 1998, hasa kwa sababu jaji wa awali aliliongoza vibaya jopo lililoamua kesi.

Hata hivyo, sahihi ile inaonyesha kwamba anayelitazama suala la kisomo kama kazi ya darasa la gerezani pekee amechelewa. Madhara huanza mezani kwa mpelelezi.

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 1972, vijana watatu wa London walikiri makosa yanayohusiana na kifo cha Maxwell Confait. Mkubwa wao, Colin Lattimore, alikuwa na miaka 18, ila akili yake ililinganishwa na ya mtoto wa miaka 8. Hukumu zao zilitenguliwa mwaka 1975, na uchunguzi uliofuata ulichangia kuzaliwa kwa sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984. Chini ya utaratibu huo, mtoto au mtu mzima mwenye udhaifu wa akili huhojiwa akiwa na mtu mzima wa kumsimamia. Tatizo ni kwamba lazima polisi autambue udhaifu huo kwanza, na disleksia, yaani ulemavu wa kujifunza unaotatiza kusoma na kuandika, haionekani usoni. Asiyejua kusoma ana uzoefu wa miaka wa kuficha: miwani nimeisahau, taa hafifu, nipe tu kalamu.

Hata gerezani ufichaji huo huendelea. Ripoti ya wakaguzi wa elimu na magereza wa Uingereza ya mwaka 2022 ilitaja kwamba asilimia 57 ya wafungwa watu wazima waliopimwa walikuwa chini ya kiwango cha kusoma kinachotarajiwa kwa mtoto wa miaka 11. Wakaguzi walilalamika pia kwamba madarasa yaliandaa watu kwa mitihani badala ya kuwafundisha kusoma. Pengo hilo limezibwa kwa kiasi na Shannon Trust, shirika linalowaandaa wafungwa wanaojua kusoma wawafundishe wenzao, mmoja kwa mmoja, dakika 20 hivi kwa siku. Mbele ya mfungwa mwenzake, mtu haoni haya kama mbele ya mwalimu.

Tanzania nayo, katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inamtaka askari amsomee maelezo mhojiwa asiyeweza kuyasoma na kumuuliza kama anataka kusahihisha au kuongeza. Ni kinga nzuri, ingawa kusomewa si kuelewa. Makala hii inapendekeza hatua moja isiyohitaji bajeti: kabla ya sahihi au dole gumba, mhojiwa aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe kile alichosomewa, na jibu lake liandikwe kama alivyolitamka.