Juu ya Kujifunza Kiingereza Sisi Makarani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilipotuomba tuseme habari ya kujifunza Kiingereza, kwanza tulisita, kwa maana wamo humu watu waliotutangulia kazini, na Kiingereza chao ni safi kuliko chetu. Lakini tulikubali kwa sababu moja. Mwalimu husema yale anayoyajua. Mwanafunzi aweza kusema pale alipoanguka. Sisi tutasema pale tulipoanguka.

Wengi wetu tulisoma katika shule za misheni. Tulikariri vitenzi kwa sauti moja darasani, tukaandika insha, tukapata vyeti. Tulipoingia ofisini tulidhani safari imekwisha. Tukaanza kuokota maneno marefu katika majalada ya zamani na kuyavaa kama mtu avaavyo kanzu ya sikukuu. Barua iliyoweza kwisha kwa mistari mitatu tuliijaza ukurasa mzima, na aliyeipokea asijue tunaomba nini. Sifa tulipata, lakini faida ilikuwa haba.

Sasa tutawaeleza jambo lililotupata wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, sisi tunaosema hapa tulikuwa karani katika ofisi ambayo hatutaitaja jina. Usiku mmoja ghala ya ofisi ilivunjwa, vikapotea vitu. Akaletwa mkaguzi, mgeni asiyejua Kiswahili, nasi tukaamriwa kuwa mkalimani na kuyaandika maneno ya mashahidi. Akaitwa mlinzi wa usiku, mzee mwenye mvi, aliyelinda lango lile tangu sisi tungali shuleni. Mkaguzi akauliza, nasi tukageuza maneno yake: "Je, hukuondoka langoni usiku ule?" Mzee akajibu pasipo kusita, "Ndiyo, Bwana." Nasi pasipo kufikiri tukasema kwa Kiingereza, "Yes," tukaandika vivyo hivyo. Mkaguzi akapiga mstari chini ya neno lile, akamwambia mzee aende zake.

Juma lile lile mzee akasimamishwa kazi bila mshahara. Siku ya tatu yake alikuja ofisini, akangoja nje mpaka saa ya chakula, kisha akatuambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nilisema sikuondoka. Hebu nisomee, uliandika nini?" Tukafungua jalada tukamsomea, na katika kusoma ndipo tulipofahamu. Mzee alikuwa amesema, "Ndiyo, ni kama usemavyo, sikuondoka." Karatasi yetu ilisema, "Naam, niliondoka." Tulikuwa tumemwandikia mtu ungamo la kosa asilolitenda.

Twakiri mbele yenu kwamba hatukwenda kwa mkaguzi siku ile. Tuliona haya. Cheti chetu kilikuwa na alama nzuri za Kiingereza, na ofisi nzima ilituita "mwalimu". Tulinyamaza siku mbili, na usiku hatukulala vema. Siku ya tatu tukaenda, tukaeleza. Mkaguzi alisikiliza, akamwita mzee tena na kumwuliza upya, na mwishowe mzee akarudishwa langoni. Lakini barua zilikwenda na kurudi muda wa miezi miwili, na mshahara wa miezi hiyo hakulipwa hata alipostaafu. Alipoingia zamu tena alitusalimu kama kawaida, wala hakulitaja jambo lile. Ingekuwa afadhali angetukemea.

Basi kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika msamiati. Neno "yes" hufundishwa siku ya kwanza. Kosa lilikuwa katika desturi za lugha mbili. Katika Kiswahili, "ndiyo" hukubali maneno ya mwenye kuuliza. Akisema "hukuondoka", nawe hukuondoka, wajibu "ndiyo". Katika Kiingereza jibu hufuata tendo lenyewe, si maneno ya swali. Aliyetenda husema "yes", asiyetenda husema "no", swali liulizwe namna yo yote. Nasi hatuko peke yetu katika taabu hii, kwa maana Wajapani nao hujibu kama sisi. Dawa yake ni nyepesi: mkalimani asitoe neno moja tupu, bali atoe sentensi kamili, "Hapana, sikuondoka." Sentensi kamili haina mlango wa nyuma.

Mitego ya namna hii ni mingi, na hatari yake ni kwamba imefichwa katika maneno madogo. Tazameni neno letu "kuazima". Anayetoa baiskeli huazima, na anayeipokea huazima. Waingereza wana maneno mawili, "lend" kwa mtoaji na "borrow" kwa mpokeaji. Karani akiyachanganya katika kitabu cha ghala, jembe la serikali litadaiwa kwa mtu asiyelichukua. Tazameni tena neno "mpaka". Twasema, "Nitakaa hapa mpaka Ijumaa," na twasema pia, "Kazi iwe imekwisha mpaka Ijumaa." Kwa Kiingereza la kwanza ni "until" na la pili ni "by". Hata neno "yeye" ni mtego, kwa sababu halitengi mwanamume na mwanamke. Ukimwandikia mjane barua ya kuomba haki ya marehemu mumewe, ukaweka "he" mahali pa "she", atakayesoma atadhani ni marehemu anayeomba.

Je, tujifunzeje? Wapo wataalamu waliofikiri sana juu ya wanafunzi ambao Kiingereza kwao ni lugha ya kigeni. Harold Palmer alikwenda Japani mwaka 1922, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa taasisi iliyoanzishwa Tokyo kwa uchunguzi wa mafundisho ya Kiingereza. Yeye alisisitiza kusikia na kusema kwanza. Michael West, aliyefundisha Bengal, aliona kwamba wanafunzi wengi huacha shule mapema, basi akatunga vitabu vya kusoma vyenye maneno machache yaliyochaguliwa na kurudiwarudiwa. C. K. Ogden alitoa mwaka 1930 orodha ya maneno 850 tu, akidai kwamba kwa hayo mtu aweza kueleza karibu kila jambo la kawaida. Na orodha aliyoitoa West mwaka 1953 ilikuwa na maneno kama 2,000. Watu hawa hawakupatana katika kila jambo, lakini katika moja walipatana: maneno machache yaliyoshikwa barabara yafaa kuliko maneno mengi yaliyoguswa juu juu.

Kwa hiyo sisi twashauri mambo matatu. Kwanza, tusome kwa sauti kila siku, ingawa ni ukurasa mmoja, maana ulimi nao ni mwanafunzi. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, tukiwa na kamusi tusiishie kwenye maana ya kwanza. Tutafute neno linavyokaa ndani ya sentensi. Tatu, kabla ya kutia barua katika bahasha, tuigeuze moyoni kwa Kiswahili cha kawaida. Ikiwa haigeuki, basi hatujui tulichokiandika, na asiyejua alichokiandika asikitie sahihi.

Wengine watasema, "Mbona waturudisha kwenye Kiswahili, nasi twatafuta Kiingereza?" Twajibu kwamba yule mzee hakudhulumiwa kwa upungufu wa Kiingereza chake. Yeye hakuhitaji Kiingereza. Alitumia lugha yake sawasawa. Alidhulumiwa na sisi, tuliosikia Kiswahili kwa sikio moja kwa kuwa la pili lilikuwa limekwisha elekea kwa mkaguzi. Asiyepima neno la kwao hawezi kupima neno la ugenini. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na maandishi yaliyompa jina aliyaandika kwa Kiswahili. Ukarani haukumzuia kuitukuza lugha yake.

Tukumbuke pia mwanzo wa vyama vyetu. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na mwanzilishi wake, Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani katika Unguja, alikuwa karani. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kiingereza kilimfikisha mahali ambapo wenzake wengi hawakuweza kufika, na huko alisema habari za nchi yake. Hiyo ndiyo kazi ya lugha hii mikononi mwa karani. Mwananchi asimamaye mbele ya meza yetu na karatasi asiyoweza kuisoma ametukabidhi ulimi wake. Tukikosea sisi, adhabu ataichukua yeye.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa ombi moja, nalo halihitaji fedha. Twaomba Chama kitenge saa moja kila juma, baada ya kazi, tukae pamoja, vijana na wazee. Kila mmoja alete sentensi moja iliyomshinda juma lile, aisome mbele ya wenzake bila kuona haya, tuisahihishe pamoja. Asicheke mtu. Kuuliza si ujinga, na sisi twajua gharama ya siku mbili za kunyamaza. Ombi hili likikubaliwa, twajitolea kuwa wa kwanza, na sentensi yetu mmekwisha kuisikia: ni neno moja, nalo ni "ndiyo".