MWENYE KUOKOA ROHO ASIFUKUZWE KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumesimama mbele yenu kwa neno moja tu, nalo lahusu riziki ya mtu wa mshahara. Twauliza: mtumishi aiachapo kazi ya tajiri wake kwa saa moja ili aokoe roho ya binadamu, je, akirejea ataikuta kazi yake?

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kusomeshwa habari za ajali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikiwa safarini kwenda Pemba. Waliookolewa walikuwa zaidi ya 600. Waliokufa na wasioonekana tena, kwa hesabu ya tume ya Serikali, walipindukia elfu moja. Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Katika msiba wa Nungwi, waliotoka kwenda kuokoa hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo wavuvi, na walikuwamo wapiga mbizi ambao kazi yao ya kila siku ni kuwatembeza wageni baharini.

Na hivyo ndivyo ilivyo katika kila ajali. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika katika muda wa dakika nne hadi sita. Katika muda huo gari la hospitali huenda halijatoka hata langoni. Mwenye kuweza kusaidia ni yule aliye karibu: mpishi wa hoteli, dereva wa daladala, mwalimu, mchukuzi wa bandarini, mlinzi wa duka. Mtu huyo ana mikono ya kusaidia, lakini pia ana bwana anayemngoja.

Hapa ndipo penye tafauti kubwa. Mvuvi aachapo nyavu zake akaenda kuokoa, hasara yake ni mapato ya siku moja, kwani hana bwana juu yake. Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, wavuvi waliiwahi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 walikufa. Kijana mmoja katika wavuvi hao alitunzwa fedha na akaajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini yeye aliingia majini hana kazi ya mshahara, akatoka akaipata. Sisi leo twamsemea yule aingiaye anayo akatoka hana.

Msidhani kuwa twabuni. Julai 2012, mwezi ule ule wa msiba wa Chumbe, katika pwani ya Hallandale Beach, Florida, nchini Marekani, mlinzi wa waogaji alikimbia kumsaidia mtu aliyekuwa akizama. Mtu yule alikuwa nje ya mipaka ambayo kampuni ililipwa kuilinda. Mlinzi akafukuzwa kazi kwa kuvuka mpaka. Magazeti yakapiga kelele, kampuni ikaona haya ikamwita arejee, naye akakataa.

Kabla ya hapo, katika jimbo la Washington nchini humo, dereva wa gari la kubebea fedha aliteremka kumwokoa mwanamke aliyekuwa akifukuzwa na mtu mwenye kisu. Kanuni ya kampuni ilimkataza kuliacha gari. Akafukuzwa, akashtaki. Mwaka 1996 Mahkama ya Juu ya jimbo ikaamua kuwa kanuni ile haikuwa mbaya, lakini kumfukuza mtu kwa sababu ameokoa roho iliyo hatarini ni kinyume cha maslaha ya umma. Dereva alishinda; lakini ilimbidi kwanza apoteze kazi, atafute wakili, angoje mahkama. Mpishi wa Kiwengwa mwenye watoto wa kulisha atangoja kwa chakula gani?

Kwa hiyo haifai kutegemea haya za tajiri wala subira ya mahkama. Yafaa sheria iseme mapema. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1996, ilikataza mzimamoto wa kujitolea kufukuzwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa na mwajiri wake kwa kuhudhuria kazi za uokozi zinazotambuliwa na sheria ile. Jimbo la California nalo lina kifungu kinachomlinda mzimamoto na mwokozi wa kujitolea asifukuzwe kazi kwa kuitika wito wa dharura. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1990, mtu wa kujitolea katika kikosi cha uokozi cha dola huendelea kupata mshahara wake, na mwajiri wa binafsi akidai hurudishiwa fedha zake na Serikali. Tena huko, mtu yeyote anayejeruhiwa akimsaidia aliye hatarini huingia katika bima ya ajali bila ya yeye kuilipia.

Visiwa vyetu vina Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka huo huo. Twataka humo kiandikwe kifungu kilicho wazi, ambacho hata kuli atakisoma akakifahamu bila ya wakili, nacho kiseme haya:

Kwanza, mtumishi asifukuzwe, asishushwe cheo, wala asikatwe mshahara kwa kuacha kazi ili ampe huduma ya kwanza mtu ambaye roho yake imo hatarini.

Pili, akijeruhiwa katika kuokoa, ahesabiwe kuwa ameumia kazini. Na akigusana na damu ya majeruhi aruhusiwe mara moja kwenda hospitali, kwani dawa ya kukinga ukimwi yatakiwa ianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Tatu, ulinzi huu umfikie kila mtumishi, awe katika kikosi au awe mpita njia tu.

Nne, tajiri mdogo, mwenye watumishi wawili watatu, afidiwe na Serikali kwa saa alizozipoteza.

Tajiri atasema, "Mtanifungulia mlango wa visingizio." Twamjibu kuwa sheria ina uwezo wa kuweka mpaka. Hatari iwe ya kweli. Asiwepo msaidizi mwingine aliye tayari. Mtumishi amwarifu msimamizi wake mara apatapo nafasi, na arejee kazini mara wenye kazi hiyo wafikapo. Wala asiiache kazi ambayo kuiacha kwake kutawatia wengine katika hatari kubwa zaidi. Mwenye kusema uongo aadhibiwe kwa uongo wake. Lakini mkweli asiadhibiwe kwa kumwogopa mwongo. Na tajiri akumbuke kuwa naye hupanda meli hizo hizo.

Wazee wetu walisema, tenda wema nenda zako. Mwokozi hadai tunzo wala picha gazetini. Anataka aende zake. Nasi twasema aende zake kazini, asende zake kijiweni.

Basi, wanachama wenzetu, kila tawi na lijadili maneno haya, liyaandike kwa mkono wake, na liyapeleke kwa Mwakilishi wa jimbo lake ili yafike Barazani. Tuyafanye hayo bahari ikiwa shwari, tusingoje msiba mwingine.